CD ya gemu ikikwaruzika, nani alipe?

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KATIKA vibanda vya pleistesheni vya miji midogo ya nchi hii, Ifakara ikiwamo, CD iliyokwaruzika ni hasara ya mtu mmoja: mwenye kibanda. Mteja amelipia mchezo, picha ikiganda kipindi cha pili hudai fedha yake, na mwenye mashine hubaki akisugua diski kwa fulana. Wapenzi wa michezo hii kwingineko duniani wamekuwa wakihoji iwapo kampuni iliyotengeneza mchezo haipaswi kuibadilisha diski hiyo.

Kwanza ieleweke kinachoharibika. Diski, ambayo wengi huiita CD hata ikiwa ni DVD, ina unene wa milimita 1.2. Katika CD halisi taarifa zimehifadhiwa chini kidogo tu ya upande wenye picha, hivyo mkwaruzo wa upande huo, ambao wengi huudharau, ndio usiotibika. Katika DVD, iliyotumiwa na michezo mingi ya PlayStation 2, taarifa zipo katikati ya matabaka mawili ya plastiki. Mkwaruzo mwepesi wa upande unaong'aa huweza kusuguliwa ukapungua, na ndiyo sababu dawa ya meno wakati mwingine husaidia. Mkwaruzo mbaya zaidi ni ule unaofuata mzunguko wa diski, kwa kuwa hufunika taarifa nyingi zinazofuatana. Kwa hiyo diski hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Vumbi la kiangazi la bonde la Kilombero halina huruma. Kitambaa chenye chembe za mchanga ni msasa.

Baadhi ya kampuni zilikubali sehemu ya mzigo. Electronic Arts ilikuwa ikitoa dhamana ya siku 90 kwa diski zake. Microsoft ilibadilisha michezo iliyoichapisha yenyewe kwa ada ya dola 20 za Marekani, lakini si ile ya kampuni nyingine.

Kampuni hiyo hiyo ilishitakiwa Marekani mwaka 2011 na wamiliki wa Xbox 360 waliodai kuwa mashine, ikitikiswa kidogo tu, hukwaruza diski iliyomo. Microsoft ilijibu kuwa waliolalamika ni asilimia 0.4 tu ya wamiliki, na kwamba chanzo ni matumizi mabaya. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Juni 2017 iliamua suala la utaratibu wa rufaa pekee. Iwapo mashine ilikuwa mbovu, mahakama hiyo haikusema.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja yenye nguvu zaidi ya mnunuzi haimo katika ubovu wa mashine. Kampuni husisitiza kuwa mteja hakununua mchezo, bali leseni ya kuutumia. Kama ni hivyo, plastiki ikiharibika leseni haijafa, na ni haki apewe plastiki nyingine kwa gharama ya kuitengeneza na kuisafirisha, mradi arejeshe ile ya zamani. Na kama alinunua kitu, basi aruhusiwe kujitengenezea nakala ya akiba. Kampuni hazipendi yote mawili: diski nyingi zina kinga dhidi ya kunakiliwa, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuivunja.

Hapa nchini, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi wa bidhaa iliyokuwa na kasoro tangu dukani. Diski isiyosoma siku ya kwanza hurudishwa kwa muuzaji, na risiti ndiyo silaha. Mkwaruzo uliotokea mwezi wa tatu kibandani ni jambo jingine.

Aidha, ukweli usiosemwa sana ni kwamba diski nyingi za vibandani ni nakala zisizo halali, zinazochezwa katika mashine zilizowekwa chipu. Mwenye nakala ya namna hiyo hana wa kumdai, na kuinunua upya huwa nafuu kuliko kulalamika. Hata aliye na diski halisi ya PlayStation 2 amechelewa, kwani Sony ilitangaza mapema mwaka 2013 kuwa imeacha kuitengeneza mashine hiyo. Tangu mwaka 2020 kampuni hiyo imekuwa ikiuza pia PlayStation 5 isiyo na sehemu ya kuingizia diski. Michezo yake hupakuliwa kwa intaneti, kila mmoja ukila makumi ya gigabaiti za bando.