Ritifaa na Mashine ya Taipu

Mashine ya taipu iliyotumika katika ofisi zetu enzi za Waingereza ilikuwa na herufi za Kiingereza, na kila lugha iliyoletwa mbele yake ililazimika kujipima kwa vitufe hivyo. Kiswahili kilisalimika kwa wepesi. Irabu zake ni tano, nazo zinatoshelezwa na a, e, i, o, u. Na konsonanti kadhaa zikaandikwa kwa kuunganisha herufi zilizokwisha kuwapo, kama ch, dh, gh, ny na sh. Iliyosumbua ni ile sauti ianzayo neno ng'ombe.

Kabla ya hapo washairi wetu waliandika kwa hati za Kiarabu, ambazo nazo hazikushonwa kwa kimo cha Kiswahili. Ghaini iliweza kubeba gh, g, ng na ng' pamoja, na kasra ikasimama mahali pa i na e. Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, aliongozwa na maana, mizani na vina kuliko umbo la herufi. Dhiki ya herufi, basi, haikuanza na mashine.

Mwaka 1927 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa London, ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hiyo. Waewe wa Ghana na Togo wanaitumia. Kiswahili sanifu, kilicholelewa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930, kina ng' yenye ritifaa, alama ambayo mashine ya Kiingereza ilikuwa nayo tayari. Kwa maoni yangu tulipata nafuu kubwa, ingawa si ya bure, maana ritifaa ni alama ndogo na mwandishi mwenye haraka huiacha. Ngoa ni wivu au tamaa. Ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Mshairi anayetaka kung'oa ngoa moyoni mwake ana ritifaa moja tu ya kutenganisha dawa na ugonjwa.

Wagikuyu wa Kenya walipata taabu zaidi. Lugha yao ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa kialama juu: ĩ na ũ. Wafaransa walikuwa na kitufe kisichosogeza karatasi, hivyo alama ilipigwa kwanza na herufi ikafuata papo hapo chini yake. Mashine ya Kiingereza ilikosa kialama cha Kigikuyu. Mwandishi alikitia kwa kalamu baada ya kuchomoa karatasi, au alikiacha. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, linadai vialama na ritifaa pia, na mara nyingi limechapwa likiwa limevuliwa vialama vyake.

Tangu mwaka 1991 mfumo wa Yunikodi umezipa ĩ, ũ na ŋ nafasi zao katika kompyuta, lakini vitufe vilivyo mezani kwetu aghalabu vingali vya Kiingereza. Majina ya tovuti hayapokei ritifaa kamwe. Jina la Kisukuma lianzalo kwa Ng'wana, kama la Ng'wanamalundi aliyevuma kwa uganga, huingia humo bila ritifaa yake, na mgeni hulisoma kwa sauti ya ngoma.