Willy Gamba na Barabara ya Tunduma

Riwaya ya kijasusi ya Kiswahili imezoea kuhukumiwa kwa sentensi moja: ni James Bond aliyehamishiwa Dar es Salaam. Lawama hiyo humwangukia zaidi Willy Gamba, mpelelezi aliyebuniwa na Aristablus Elvis Musiba, ambaye katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974 anazifukuzia hadi Nairobi siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam, na katika Kikosi cha Kisasi anapambana na makachero wa makaburu jijini Kinshasa. Hukumu hiyo naipinga. Umbo la hadithi liliazimwa, hilo halina ubishi; lakini hofu iliyomo ndani yake ilikuwa ya hapa hapa nyumbani, na anayetaka kuona ilikotoka aiache kidogo miji mikubwa, aifuate barabara ya Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia. Zambia, nchi isiyo na bahari, ilikuwa ikiingiza mafuta na kutoa shaba yake kupitia huko huko kusini, na kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatwa. Mzigo ukaangukia barabara ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta yakarudi na shaba. Mvua ikinyesha yanazama matopeni, mengine yanapinduka, hata safari hiyo ikabandikwa jina la jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kazi ya Waitaliano. Wamarekani wakaja kujenga barabara ya lami. Wachina nao, baada ya Benki ya Dunia kukataa kuifadhili reli, wakaijenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860. Kipande cha Mlimba hadi Makambako peke yake, kilomita 158 tu, kina mahandaki 18 kati ya 22 ya reli nzima. Pale treni hutoka gizani, ikavuka daraja lililoning'inia juu ya korongo, ikaingia gizani tena. Sijui sehemu nyingine ya Afrika Mashariki ambako mataifa makubwa yalishindana karibu hivyo na mashamba ya watu. Kwa mkulima wa Makambako au Chimala, siasa ya dunia ilipita kwa miguu mbele ya mlango wake, ikimwajiri mwanawe kuchimba udongo.

Na palipo na bomba na daraja, yupo anayetaka kulipua. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia waliteremka mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, kwa mitumbwi, wakalipua daraja la reli na la barabara kwa pamoja. Njia ya mizigo iliyopita Mbeya ikakatika. Mauaji nayo hayakuwa ya kubuni: Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, na Herbert Chitepo wa ZANU, chama cha wapigania uhuru wa Rhodesia, akauawa Lusaka tarehe 18 Machi 1975 kwa bomu la gari. Kifo cha Chitepo kilifika moja kwa moja Iringa. Zambia iliwakamata viongozi wa ZANU, na wapiganaji wao waliokuwa kambini Mgagao, mkoani Iringa, wakabaki bila makamanda. Oktoba mwaka huo maofisa wa kambi hiyo walitoa tamko, linalojulikana hadi leo kama Azimio la Mgagao, wakimkataa Ndabaningi Sithole, kiongozi wa ZANU wa tangu awali, na kumtaja Robert Mugabe kuwa mtu pekee wanayeweza kuzungumza kupitia kwake. Uongozi wa nchi ambayo ingezaliwa miaka mitano baadaye uliamuliwa kwa sehemu kubwa kwenye baridi ya Iringa.

Atakayesema Musiba alikuwa akimwiga Ian Fleming tu, namwomba atazame kila mmoja anaficha nini. Fleming alianza kumwandika Bond wakati dola ya Uingereza ikibomoka, akaipa kwenye karatasi nguvu ambazo haikuwa nazo tena. Ilipofika zamu ya Rhodesia, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikataa kutumia jeshi dhidi ya Smith. Ni Tanzania maskini iliyovunja uhusiano na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965, ikijua kwamba mkopo wa pauni milioni 7.5 ungepotea, na kweli ukapotea. Gamba anatumwa na nchi iliyokwisha kulipa gharama ya msimamo wake. Ndiyo maana bastola, magari ya kasi na warembo wa hotelini, vitu ambavyo nakiri vimeazimwa na vingine vimezeeka vibaya, havitoshi kueleza kwa nini vitabu hivi vilisomwa hadi vikachanika.

Kuna pingamizi zito zaidi: Gamba huranda Nairobi na Kinshasa, basi Iringa na Mbeya zinamhusu nini? Jibu langu ni kwamba kambi zilikuwa siri, na siri ya kweli haiandikwi wakati vita vinaendelea. Riwaya ikaenda palipokuwa na taa. Hilo nalielewa, ila lina hasara yake: dereva wa lori, mpishi wa kambi na kijana wa Makambako aliyebeba zege hawakupata nafasi katika hadithi ambayo wao ndio walioiwezesha. Siku hizi siri hizo zimefunguka. Mradi uliopewa jina la Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), umechapisha juzuu 9 za historia na shuhuda za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mwandishi wa riwaya pendwa anayetafuta kisa hana haja ya kubuni fitina. Aanzie Mgagao, Oktoba 1975, pale maofisa wale walipoandika tamko lao huku makamanda wao wakiwa kifungoni Zambia.