Kupatwa kwa Jua: Jamaa wa Karagwe Akipiga Simu, Aliyeko Kisiwani Aswali?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watoto walioko bara kwa kazi na biashara, hata Karagwe na Kyerwa, mpakani na Rwanda na Uganda. Jua likipatwa, kijana wa Kayanga hutuma picha, na mama yake aliyeko Wete huuliza: je, nami nisimame kuswali?

Swalah ya Kusuuf hufuata kupatwa kunakoonekana pale ulipo. Picha ya Kayanga ni habari tu. Kama mbingu ya Wete haina kitu, mama hana Swalah hiyo. Amdhukuru Allaah na amwombee mwanawe. Likionekana kwake pia, ni Sunnah iliyokokotezwa, naye ataiswali kwa wakati wa kwake.

Tofauti hiyo ya wakati si ndogo. Jumapili ya 3 Novemba 2013 jua lilipatwa jioni. Kivuli kikuu kilipita kaskazini mwa Uganda hadi Turkana, na Kagera sehemu kubwa ya jua ilifunikwa. Siku kama ile jua huzama Zanzibar karibu nusu saa kabla ya Karagwe, na likizama wakati wa Swalah hii umekwisha, wala hailipwi. Alhamisi ya 1 Septemba 2016 mambo yalikuwa mepesi: lilipatwa kabla ya adhuhuri, Rujewa kule Mbarali watu wakaona pete kamili, na Kagera na visiwani likabaki hilali.

Namna yake: haina adhana wala iqaamah, huitwa tu “Asw-Swalaatu jaami‘ah”. Ni rakaa mbili, kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili. Kwa madhehebu ya Shaafi‘iy kisomo cha kupatwa kwa jua ni cha siri, na khutba mbili huja baada ya Swalah. Anayechelewa na kukuta rukuu ya pili ameikosa rakaa hiyo. Jua likifunguka mkiwa ndani, kamilisheni. Likifunguka kabla hamjaanza, basi.

Wanawake wamo. Asmaa bint Abi Bakr alimkuta dada yake ‘Aaishah akiswali, akauliza watu wana nini, naye akaashiria mbinguni. Mjamzito anayefungiwa ndani kwa kuhofia mtoto atazaliwa na alama, hilo halina asili. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibraahiym, mwana wa Mtume, watu wakasema ni kwa ajili yake. Mtume akawakatalia, akabainisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Kutazama kunajuzu, kuunguza macho hakujuzu. Ndani ya jicho hakuna maumivu ya kukuonya. Kioo cha moshi, filamu ya eksirei, miwani ya kawaida na beseni la maji (tunajua wazee wetu walilitumia) havikingi. Tumia miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, lipe jua mgongo, uangalie taswira yake chini. Kyerwa simama chini ya mibuni, Pemba chini ya mikarafuu: mwanga unaopenya majani hutandaza vijihilali ardhini. Wapigieni picha watoto hivyo, kisha simu iwekwe, Swalah isisubiri.

Tarehe 2 Agosti 2027, in shaa Allaah, Makkah itaingia gizani kabisa kwa dakika kadhaa. Afrika Mashariki tutaona sehemu tu. Wengi watafuatilia Haram kwenye televisheni. Kumfuata Imamu wa Makkah kupitia kioo hakusihi. Swalini msikitini kwenu au nyumbani, mkiliona.

Wa Allaahu A‘lam.