Chumo, Wala si Shubaka

Yapo makosa ya tafsiri ambayo mtu huyasamehe kwa kuwa hayadhuru, na yapo mengine ambayo, yakishapigwa muhuri na kuingia katika vitabu vya skuli, huwafunza watoto kinyume cha elimu yenyewe. Na katika hayo ya pili sina budi kulihesabu "shubaka la kiekolojia", ambalo mabwana wa kamati fulani, baada ya vikao visivyokosa chai, wameliteua liwe jina la ile nafasi ya kiumbe ambayo kwayo hupata riziki yake.

Asili ya neno hilo haina siri. Shubaka ni la Kiarabu, shubbak, yaani dirisha, nasi watu wa pwani tumelifanya tundu la ukutani la kuwekea taa au msahafu, jirani ya vidaka vya nyumba za mawe za Lamu. Na wateuzi wetu, walipong'amua kuwa neno walitumialo wanavyuoni wa Ulaya nalo asili yake ni tundu la ukutani, la kuwekea sanamu, wakadhani kazi imekwisha. Lau wangalisoma mbele kidogo wangalijua kuwa Joseph Grinnell, alipolitumia mwaka 1917 katika kumweleza ndege mmoja wa vichaka vya California, aliambatanisha mahali na umbo na mwenendo wa ndege huyo, na kwamba Charles Elton, mwaka 1927, alilielekeza kwenye shughuli ya mnyama miongoni mwa wenziwe: anamla nani, naye analiwa na nani.

Mimi nimeshikilia, na nitashikilia, neno chumo. Latokana na kuchuma, kitenzi kifaacho tunda mtini kama kifaavyo mali, ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Na jina hili limebeba kwa pamoja pato na mahali pa kulipatia, jambo ambalo shubaka, kwa uwazi wake wote, haliwezi kulibeba. Mkosoaji mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa anapenda mno kutajwa, amedai kuwa neno langu lanuka soko. Naam, na linuke; hakuna kiumbe asiyechuma.

Hebu na tuwatazame ndege. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kunguru na bundi mwenye uso mweupe waweza kukaa ukuta mmoja, na kwa hesabu ya kamati wana shubaka moja. Lakini kunguru huchuma mchana, kwa jicho na ujanja, majaani, ilhali bundi huchuma panya usiku kwa sikio, na kwa kuwa tundu la sikio lake la kushoto li juu kuliko la kulia, mchakacho wa panya majanini hufika kila upande kwa tofauti ambayo ubongo wake huifanya ramani, ile ambayo Eric Knudsen na Masakazu Konishi waliibainisha mwaka 1978. Kadhalika, mwaka 2002, Vladimir Pravosudov na Nicola Clayton waliwalinganisha chikadii, ndege wadogo wa utosi mweusi, wa Alaska na wa Colorado: wale wa Alaska, ambako majira ya baridi ni makali na mchana wake mfupi, walificha chakula kingi zaidi, wakakirudia kwa uhodari zaidi, na hipokampasi yao, sehemu ya ubongo ihifadhiyo kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa zaidi na yenye seli nyingi zaidi za neva. Spishi ni moja. Kilichowatofautisha ni ugumu wa kuchuma, wala sijui ni shubaka gani liwezalo kuukuza ubongo.

Matumizi hayana taabu: chumo, machumo, chumo pana, chumo finyu, kushindania chumo, na mahali penyewe paitwe makazi, kama paitwavyo siku zote, kamati ikipenda isipende.