Seneti ya Kwanza ya Kongo

Wahenga walisema: Penye wazee haliharibiki neno. Mwaka 1960 nchi yetu ilipewa nyumba ya wazee, ndiyo Seneti. Lakini neno liliharibika, na nyumba yenyewe ikafungwa. Tutazame ilikuwaje.

Sheria ya Msingi, iliyotungwa huko Ubelgiji tarehe 19 Mei 1960, iliweka mabaraza mawili. La kwanza lilikuwa Baraza la Wajumbe, watu 137 waliochaguliwa kwa kura za wanaume wa nchi nzima. Jimbo lenye watu wengi lilipata viti vingi. La pili lilikuwa Seneti. Humo kila jimbo, kati ya majimbo sita ya wakati ule, lilipeleka watu 14 waliochaguliwa na baraza la jimbo. Kwa hiyo Kivu yetu ilikaa sawasawa na Leopoldville na Katanga. Tena, katika hao 14, watatu au zaidi walipaswa kuwa machifu au watu wa heshima wa kwao. Maana yake ni wazi: baraza moja liseme kwa wingi wa watu, na la pili liseme kwa ajili ya kila jimbo, hata lililo mbali na mji mkuu.

Seneti haikukawia kujaribiwa. Tarehe 5 Septemba 1960 Raisi Kasa-Vubu alimwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Aliyemtaja kushika mahali pake alikuwa Joseph Ileo, naye ndiye mwenyekiti wa Seneti. Je, maseneta walimfuata mkubwa wao? Sivyo. Tarehe 8 Septemba Lumumba alisema mbele yao, nao wakapiga kura: 41 waliikataa amri ya Raisi, 2 tu waliikubali, 6 hawakuchagua upande. Wengine hawakuwamo.

Basi neno la wazee likatoka. Nani alilisikia? Siku sita baadaye Kanali Mobutu alitangaza kwamba wanasiasa wote wanawekwa kando. Joseph Okito, makamu wa mwenyekiti wa Seneti, aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Lumumba na Maurice Mpolo. Kiti chake hakikumlinda.

Mwezi wa Julai 1961 mabaraza yakakusanywa tena Leopoldville, katika Chuo Kikuu cha Lovanium cha Wakatoliki, yakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 2 Agosti yakaikubali serkali ya Cyrille Adoula, ambaye mwenyewe alikuwa seneta. Lakini tarehe 29 Septemba 1963 Kasa-Vubu akayafunga. Katiba ya mwaka 1964 iliiweka Seneti tena, ila haikudumu. Mobutu alitwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, na Katiba ya tarehe 24 Juni 1967 ilitambua baraza moja tu.

Ilipita miaka 36 mpaka Seneti kurudi, mwaka 2003. Chini ya Katiba ya mwaka 2006 kila jimbo likapewa maseneta 4, na Kinshasa 8.

Kwetu Beni na Butembo jambo hili si la vitabu tu. Katiba hiyo yasema kwamba utawala wa dharura wa kijeshi usipite siku 30, isipokuwa mabaraza yote mawili yakubali kuuongeza, siku 15 kwa siku 15. Ulipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, baraza la jimbo letu lilisimamishwa, na swali likapelekwa Kinshasa mara kwa mara: uendelee, ama ukome? Ndipo tunapoona faida ya kuwa na mtu wa kwetu katika nyumba ile.

Seneti ya kwanza haikukosa wazee, wala haikukosa kura. Kilichokosekana ni heshima kwa neno lao. Methali haikusema uongo. Lakini mzee asiyesikilizwa hawezi kuokoa neno. Maseneta huchaguliwa na wajumbe wa jimbo, na wajumbe hao huchaguliwa na sisi. Basi tuwajue kwa majina, na wakirudi nyumbani tuwaulize walipigia kura neno gani.