Ucheleweshaji wa intaneti

Ucheleweshaji wa intaneti ni muda unaopita tangu kifaa kitume pakiti ya data kwenye mtandao hadi jibu lake lirudi. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Watumiaji wengi huujua kwa jina la "ping", kutokana na programu ndogo iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Jina hilo aliliiga kutoka mlio wa chombo cha nyambizi kinachopima umbali kwa mwangwi.

Ucheleweshaji ni tofauti na kasi ya kupakua, ambayo hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ingawa mambo hayo mawili huathiriana na huchanganywa mara nyingi. Kuyachanganya huwagharimu watu fedha. Wapo wanaonunua kifurushi kikubwa zaidi kwa sababu sauti inakatika katika mikutano ya video, na baada ya kulipa wanakuta inakatika vilevile.

Tofauti kati ya ucheleweshaji na upana wa njia

Kinachotangazwa na makampuni kwa jina la "kasi" kwa kweli ni upana wa njia: kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Lori la tani 30 likitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza hubeba mzigo mwingi kuliko pikipiki, lakini halifiki mapema zaidi kwa sababu ya ukubwa wake. Vivyo hivyo njia ya megabiti 10 na njia ya megabiti 100 zinazoelekea seva ileile zinaweza kuwa na ucheleweshaji uleule.

Kwa kupakua filamu, upana ndio unaotawala. Kwa kufungua tovuti hali ni nyingine. Kivinjari huuliza kwanza anwani ya seva. Kisha hufungua muunganisho. Kisha pande mbili hukubaliana namna ya kuficha mazungumzo yao. Ndipo ukurasa unapoombwa. Ukifika, hubainika kwamba unahitaji picha na programu ndogondogo, nazo huombwa kwa zamu. Mtoto akitumwa dukani mara kumi, kila safari kwa kitu kimoja, upana wa mlango wa duka haumsaidii. Kinachomkawiza ni umbali wa duka.

Kwa mazungumzo ya sauti, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza katika waraka wake G.114 kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikizidi sana hapo, wazungumzaji huanza kukatizana maneno. Ucheleweshaji unaoyumba, mara 40 mara 300, husumbua kuliko ule uliotulia kwenye 150.

Vyanzo vya ucheleweshaji

Chanzo cha kwanza ni umbali, nacho hakina dawa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili hivi za kasi yake katika anga tupu. Kutoka Dar es Salaam hadi London kwa mstari ulionyooka ni kilomita 7,500 hivi, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 75 hata vifaa vyote vikiwa bora. Mkongo wenyewe haunyooki: hupita Bahari ya Shamu, Misri na Mediteranea, kwa hiyo muda halisi huzidi huo kwa mbali.

Kabla ya mwaka 2009 Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje. Setilaiti hizo huwa juu ya ikweta kwa kilomita 35,786. Swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, jumla ya kilomita zaidi ya 143,000. Hata kwa kasi kamili ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, kisha TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya kungoja huko iliondoka. Setilaiti za siku hizi zinazozunguka chini, kama za Starlink kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo la umbali.

Njia inayofuatwa na pakiti huenda isiwe ile inayodhaniwa. Ujumbe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya mjini humohumo ulikuwa ukisafiri hadi ng'ambo na kurudi, kwa kuwa makampuni yao hayakuwa na mahali pa kukutania nchini. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 kutatua hilo. Kilifungwa na mamlaka ya mawasiliano muda mfupi baadaye, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ina kituo cha namna hiyo kinachoitwa TIX.

Mkongo ukikatika, njia hubadilika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania na Kenya zikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Data iliyobaki ilielekezwa kwenye njia nyingine zilizokwisha kuwa na mzigo wake, hivyo hata waliobaki na intaneti waliiona nzito.

Chanzo kingine ni foleni. Ruta inayopokea pakiti nyingi kuliko inavyoweza kutuma huzipanga katika hifadhi ya muda. Watengenezaji walidhani hifadhi kubwa ni bora, kwa kuwa hakuna pakiti inayotupwa. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja nyumbani akipakia video, foleni hujaa na pakiti ndogo ya simu ya mwenzake hungoja nyuma ya maelfu. Ping iliyokuwa 30 hupanda hadi mamia. Mhandisi Jim Gettys alilipa tatizo hilo jina na kulitangaza kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya CoDel inayoziondoa pakiti zilizokaa mno kwenye foleni ili mtumaji apunguze mwendo. Ruta nyingi za bei nafuu bado hazina kitu hicho, au zinacho lakini kimezimwa.

Hewani, simu hungoja zamu yake kwa mnara. 3G hukawia kuliko 4G, na wakati wa jioni, mnara unapohudumia watu wengi, zote hukawia kuliko asubuhi.

Jinsi ucheleweshaji unavyopunguza kasi

Mtumaji wa data hatumi yote kwa mkupuo. Hutuma kiasi fulani, husubiri mpokeaji athibitishe, kisha huendelea. Kompyuta za zamani zilikuwa na kikomo cha kilobaiti 64 zisizothibitishwa. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 20 kikomo hicho kinaruhusu megabiti 26 kwa sekunde. Kwa milisekunde 600 za setilaiti hairuhusiwi hata megabiti moja, hata kama njia yenyewe ina upana wa 50. Mifumo ya sasa hukikuza kikomo hicho, lakini huanza na pakiti chache, kumi hivi, na kuziongeza maradufu kila jibu linaporudi. Kwenye njia ya milisekunde 20 majibu 50 hurudi ndani ya sekunde moja. Kwenye njia ya 300 hurudi matatu tu. Pakiti ikipotea, mifumo mingi hupunguza mwendo na kuanza kupanda tena, na kupanda huko ni kwa taratibu zaidi pale majibu yanapotoka mbali.

Kwa nini vipimo vya kasi hutofautiana

Mtu anaweza kupima kwa programu tatu ndani ya dakika tano akapata 48, 31 na 12, na zote zikawa zimesema kweli. Kila moja imepima njia tofauti kwa namna tofauti.

Speedtest ya kampuni ya Ookla huchagua seva iliyo karibu, mara nyingi ndani ya mji uleule na pengine ndani ya mtandao wa kampuni ileile inayouza huduma, na kwa kawaida hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Hiyo huonyesha uwezo wa njia kutoka nyumbani hadi kwa kampuni, nayo hutoa tarakimu kubwa. NDT ya mradi wa M-Lab hutumia muunganisho mmoja kwenda kwenye seva zilizo nje ya mitandao ya wauzaji, hivyo umbali na pakiti zinazopotea huonekana zaidi. Fast.com ya Netflix, iliyoanza mwaka 2016, hupakua kutoka seva za Netflix zenyewe. Seva hizo zikiwa zimewekwa ndani ya nchi jibu ni zuri, na jibu hilo halielezi chochote kuhusu tovuti iliyoko Ulaya.

Kwa hiyo kubishana ni programu ipi "ya kweli" ni kazi bure. Anayefundisha kwa video kutoka Arusha akiwa na wanafunzi Marekani anahitaji kujua njia ya kwenda huko, na seva ya Arusha haimpimii.

Tofauti nyingine hutokea ndani ya nyumba yenyewe, na hizi ndizo zinazosahaulika zaidi. Wi-Fi ya 2.4 GHz hufika mbali lakini huingiliana na ruta za majirani. Ya 5 GHz ina nafasi zaidi lakini hushindwa na kuta nene. Simu ya zamani inaweza kushindwa kuonyesha zaidi ya uwezo wa redio yake. Waya wenye nyuzi mbovu au tundu la zamani la megabiti 100 huonyesha 94 hivi hata mteja akiwa amelipia 200. Upungufu wa zile sita ni anwani na maelezo yanayofungwa juu ya kila pakiti, si wizi. Tena megabiti si megabaiti: baiti moja ina biti nane, kwa hiyo njia ya megabiti 8 hupakua megabaiti moja kwa sekunde.

Kupima kwa uangalifu

Anayetaka kulalamika kwa kampuni afike na kumbukumbu. Kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vizimwe, programu na seva viwe vilevile kila mara, na vipimo vichukuliwe asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, pamoja na saa na tarehe. Kipimo kimoja cha saa mbili usiku kupitia Wi-Fi ya chumba cha nyuma hakithibitishi kitu, na fundi wa kampuni anakijua hivyo.

Amri ya ping, iliyomo katika Windows, macOS na Linux, husaidia kutenga chanzo. Anza na anwani ya ruta ya nyumbani, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ikijibu kwa milisekunde 80 badala ya moja au mbili, tatizo liko ndani ya nyumba. Kisha acha ping ya seva ya mbali iendelee wakati mtu mwingine anapakia faili kubwa. Ikipanda kutoka 40 hadi 400, tatizo ni foleni, na kununua megabiti zaidi huenda kusilitibu. Ruta yenye mpangilio wa kudhibiti foleni, uliowekwa chini kidogo ya kasi halisi, hulipunguza sana.

Wanaotumia bando wakumbuke kwamba kupima nako ni kutumia. Njia ya megabiti 100 ikijazwa kwa sekunde 10 hula megabaiti 125, mbali na zile za kupakia, na vipimo vinne mfululizo vinaweza kumaliza nusu gigabaiti.

Ping yenyewe ina mipaka yake. Ruta kubwa za njiani huzipa pakiti hizo nafasi ya mwisho, na baadhi hazizijibu kabisa. Ruta ya katikati inayoonyesha milisekunde 500 si lazima iwe mbovu ikiwa zile zinazofuata baada yake zinajibu kwa 150.