Mabingwa Waliorudi Aranui

Mwaka 1950 kijana wa miaka 17, Ronnie Moore, alitoka Christchurch, New Zealand, akajiunga na timu ya Wimbledon jijini London. Mwaka huohuo akafika fainali ya dunia ya spidiwei, yaani mbio za pikipiki uwanjani, pale Wembley. Pikipiki hakuianzia London: tangu utotoni alipanda Ukuta wa Mauti pamoja na baba yake, wakizunguka kwa kasi ubavuni mwa pipa kubwa la mbao.

Kilichojenga historia ya Christchurch, kwa maoni yangu, ni kalenda. Msimu wa Uingereza ulianza mwezi Machi ukaisha Oktoba. Baridi ilipoingia huko, New Zealand ilikuwa kwenye kiangazi, hivyo mtu aliyeshangiliwa na maelfu Wembley aliweza kurudi nyumbani na kushindana Aranui, uwanja wa mtaani ambako watoto walimtazama kutoka kwenye uzio.

Na kulikuwa na mengi ya kutazama. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, kinyume cha mwendo wa saa. Pikipiki ya cc 500 haina breki, na ikiwa mbioni ina gia moja tu. Anapofika kwenye kona, mwendeshaji huachia tairi la nyuma liteleze kuelekea nje, huku usukani ameugeuzia kulia ilhali yeye anakata kushoto. Mguu wa kushoto, uliovishwa soli ya chuma, unaburuzwa chini kumpa mizani. Moshi wa injini za enzi hizo ulinukia mafuta ya nyonyo, na changarawe iliwarukia waliosimama mbele. Gazeti lingeweza kumwambia mtoto kwamba Moore ameshinda. Uzioni ndipo alipoona mkono wake ukipunguza mafuta mahali gani, na ukiyafungulia tena wapi.

Barry Briggs, naye wa Christchurch, alimfuata Moore Wimbledon mwaka 1952. Moore akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1954 na 1959. Briggs akautwaa mara nne, kuanzia 1957 hadi 1966.

Wa tatu ndiye anayenigusa zaidi. Ivan Mauger alifika Wimbledon mwaka 1957 akiwa na miaka 17 kama Moore, lakini hakufua dafu. Alirudi kusini, akajinoa kwenye viwanja vya New Zealand na Australia, na mwaka 1963 akaanza upya Uingereza na timu ya Newcastle. Akawa bingwa wa dunia mwaka 1968, 1969 na 1970 mfululizo, na Wamarekani wawili wakampa zawadi ya pikipiki iliyopakwa dhahabu. Aliongeza mataji ya 1972, 1977 na 1979. Jumla, vijana watatu waliokulia mji mmoja walipata mataji 12.

Mauger hakuficha ujuzi wake. Alimfundisha Mdenmaki kijana, Ole Olsen, akampeleka Newcastle. Mwaka 1971, kwenye fainali ya Gothenburg, Olsen akawa bingwa na Mauger akashika nafasi ya pili. Miaka minne baadaye Olsen alifungua uwanja wake Vojens, Denmark, na mwaka 1988 fainali ya dunia ikafanyika hapo. Aliyeshinda alikuwa Mdenmaki mwingine, Erik Gundersen.